Kumtembeza Simiti

Jumamosi, 5 Aprili

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Soila ambaye ni rafiki yangu wa pekee: kila alasiri, kabla Mama hajarudi kutoka kazini na ndugu yangu Roy akiwa uwanjani kucheza mpira, mimi humfungua Simiti.

Simiti ni mbwa wetu. Baba alimpa jina hilo kwa sababu ana rangi ya kijivu, na kwa sababu Baba anauza simiti, misumari na waya katika duka lake la hadwea kando ya barabara ya Namanga. Alimnunua baada ya wezi kuruka ukuta na kubeba mabati yetu. Tangu siku hiyo sheria ni moja. Mchana Simiti anakaa ndani ya kizimba nyuma ya nyumba, usiku anaachiliwa uani. Baba anasema mbwa akiona watu mchana atawazoea, na mbwa aliyezoea watu ni pambo tu. Si yeye peke yake anayesema hivyo. Mtaa wetu wote wa Kitengela uko hivyo, kila geti na kibao cha mbwa mkali, na nyuma ya kila nyumba kuna kizimba.

Sikuona ajabu yoyote mpaka mwaka huu. Siku moja nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba nikisoma, nikainua macho. Simiti alikuwa anazunguka. Alizunguka mpaka nikamaliza sura nzima ya kitabu. Sakafu ya kizimba chake ina duara jeusi lililolainishwa na nyayo zake, na mkia una sehemu isiyo na manyoya kwa sababu anautafuna mwenyewe.

Kwa hiyo namtoa kwa mlango mdogo wa nyuma, nikiwa nimemfunga kamba, tunazunguka ploti zisizojengwa, kisha tunarudi. Ananivuta kama wilbaro inayoteremka mlima. Shule zilifungwa jana, na nimeamua kuandika yote hapa, kwa sababu kwa mdomo siwezi.

Jumatatu, 7 Aprili

Jua. Vumbi. Kila mtu anauliza mvua iko wapi.

Jumatano, 9 Aprili

Kitabu nilichoazima maktaba ya shule kinahusu ufugaji wa mbwa. Kimeandikwa na mtu wa nchi yenye theluji. Anasema mbwa wa umbo la Simiti akimbizwe kwa bidii kila siku, na kwamba mbwa wengi wenye tabia mbaya ni mbwa ambao hawakukimbia vya kutosha. Nimeisoma sura hiyo mara mbili. Nilijihisi kama mtu aliyekuwa akimnywesha mgonjwa dawa kwa kijiko kidogo kumbe alihitaji kikombe.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nilichukua baiskeli ya Roy. Niliondoka jua likiwa utosini kwa sababu huo ndio wakati ambao nyumba haina mtu. Tulifuata barabara ya murram, ya changarawe, hadi inapokutana na lami, tukaifuata lami hadi mbali. Simiti alikimbia kando yangu masikio yakiwa yamelala nyuma, na kwa mara ya kwanza hakunivuta. Nilijivuna. Nilifikiri, kumbe ni rahisi hivi.

Tuliporudi alijilaza kivulini. Nilimwekea maji, hakuyagusa.

Jumamosi, 12 Aprili

Hainuki. Nilimshika mguu akaunyofoa mkononi mwangu. Ngozi ya chini ya nyayo imechubuka na sehemu nyingine imevimba maji. Lami ilimuunguza, na mimi nilikuwa juu ya baiskeli, na viatu miguuni.

Nimemuosha kwa maji ya chumvi. Aliniangalia muda wote bila kunung'unika. Ingekuwa afadhali angenung'unika.

Jioni Baba alipofungua kizimba, Simiti alitoka hatua chache akalala mlangoni. "Huyu naye ameanza uvivu," Baba akasema. Nilikuwa nimeshika sufuria ya chakula chake. Niliiweka mbele yake, nikaingia ndani.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisa. Simiti amekula kidogo.

Alhamisi, 17 Aprili

Soila alikuja leo. Tuko darasa moja, kidato cha pili. Anaishi na nyanya yake, Koko Namunyak, upande wa pili wa ploti tupu, katika boma ambalo lilikuwepo kabla ya nyumba zote hizi. Koko ana mbuzi. Wanapita nyuma ya ukuta wetu asubuhi wakienda kula na jioni wakirudi.

Nilimwambia Soila siri yangu. Sasa watu wawili wanajua, ukihesabu karatasi hii. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Unatembeza mbwa? Kama mtoto wa nasari?"

"Anahitaji."

"Mbwa wa Koko nani humtembeza?"

"Si anatembea na mbuzi."

"Huyo ako kazi, Nyawira. Wako ako jela."

Baadaye mbuzi walipita na nikamtazama mbwa wa Koko kwa makini. Ni mzee, mwembamba, sikio moja limekatika. Anatoka asubuhi na kurudi jioni, nami nilikuwa nikidhani anakimbia siku nzima. Hakimbii hata kidogo. Anatembea kidogo, anasimama, ananusa kichaka kama mtu anayesoma gazeti, analala, anaamka, anawafuata. Sijui kwa nini kitabu changu hakisemi lolote kuhusu kusimama.

Koko alinisalimia. Napenda salamu yao ya Kimaasai ambayo Soila alinifundisha: mtoto anainamisha kichwa na mkubwa anamgusa utosini. Huhitaji kumtazama mtu machoni. Ni kama salamu iliyotungwa kwa ajili ya watu kama mimi.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua imeanza. Ilikuja kutoka upande wa Isinya kama ukuta. Simiti anatembea vizuri sasa, na leo tulikuwa tumefika katikati ya ploti ilipotukuta. Udongo mweusi uliganda kwenye viatu vyangu hadi nikawa mrefu kuliko Mama. Simiti alikuwa na viatu vinne.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Mvua. Nafika nyumbani Mama akiwa ameshafika, kwa sababu mvua imefunga barabara na kazini wanawaruhusu mapema. Sina nafasi ya kumtoa.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Duara la kizimbani limerudi kuwa jeusi. Hata usiku Baba hamwachilii, kwa sababu uani kumejaa maji na anachafua ukuta.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Simiti amebweka tangu nilipotoka shule hadi sasa. Roy anasema, "Hiyo mbwa inaimba kwaya." Mama amefunga dirisha.

Alhamisi, 8 Mei

Ametafuna ubao wa mlango wa kizimba.

Jumamosi, 10 Mei

Nitaandika kwa utaratibu, kwa sababu najua nitataka kukumbuka kila kitu kilivyokuwa na si nilivyoogopa kiwe.

Leo asubuhi mvua ilikatika na jua likatoka. Baba alikuwa dukani, Mama sokoni, Roy amelala. Nilivaa gambuti za Mama nikaenda nyuma. Simiti aliponiona na kamba alianza kuruka, akajigonga kwenye mabati, akaruka tena. Ilinichukua muda mrefu kumfunga. Ningepaswa kujua hapo. Mikono yangu ilijua, lakini nilijiambia kwamba akikimbia kidogo atatulia.

Nyuma ya ukuta wetu kuna ploti ya Baba. Aliinunua zamani na kuchimba mtaro wa msingi nilipokuwa darasa la saba, kisha hakujenga. Mtaro uko wazi hadi leo, na mvua imeujaza maji ya rangi ya chai ya maziwa. Njia ya mbuzi wa Koko inapita kando yake.

Tulitoka mlangoni, na mbuzi walikuwa pale pale.

Sikumwachilia. Nataka hilo liandikwe. Kamba ilipita mikononi mwangu na kuchukua ngozi. Simiti aliingia katikati ya mbuzi akiwa amefungua mdomo, na nadhani alikuwa anafurahi. Hakuuma hata mmoja. Alikimbia tu, huku na huku, kwa mbio zote za siku ambazo hakukimbia, na mbuzi wakatawanyika kama mtu amemwaga maharagwe. Mbwa mzee wa Koko alibweka mara moja, akasimama mbele ya watoto wa mbuzi.

Mbuzi mmoja mweusi, mwenye mimba kubwa, alikimbilia upande wetu. Hakuuona mtaro.

Soila ndiye aliyekuwa akichunga. Alikuja akikimbia, akaingia majini bila kuvua viatu, nami nikaingia nyuma yake. Maji yalitufika kifuani. Mbuzi alikuwa akipiga miguu na kulia kwa sauti kama ya mtoto. Soila alimshika pembe, mimi nikamsukuma kwa chini. Kila tukimpandisha, udongo wa ukingo unamomonyoka na anarudi. Mwishowe Roy alitokea na kaptula yake ya kulalia, akalala kifudifudi ukingoni, akamvuta mguu.

Tulipomtoa, Simiti alikuwa amelala kando yetu ulimi ukining'inia, ametulia kabisa. Hicho ndicho kitu kilichonifanya nilie.

Soila hakunitukana. Alisema tu, "Koko atauliza nilikuwa wapi," akawakusanya mbuzi akaenda.

Baba alirudi mchana. Roy alikuwa ameshamwambia kwa simu.

"Nani alimfungua?"

"Mimi."

"Leo?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Kila siku, Baba. Isipokuwa wakati wa mvua."

Baba huniita Mami, kwa sababu nina jina la mama yake. Leo aliniita Nyawira. Alikaa juu ya tofali uani, na niliona kwamba mbuzi hawakumuumiza kama neno hilo, kila siku.

"Naambia watu hapa kwangu kuna mbwa wa maana," akasema. "Kumbe kila siku anatalii."

Nilijaribu kumwambia kwamba Simiti alikimbiza mbuzi kwa sababu alikuwa amefungiwa, si kwa sababu alikuwa amefunguliwa. Maneno yalinitoka kinyumenyume. Baba alinyanyua mkono, nikaacha.

Jumapili, 11 Mei

Mbuzi mweusi ametupa mimba. Walikuwa mapacha. Soila aliniambia kanisani, kwa sauti ya chini, akitazama mbele.

Baba alikwenda kwa Koko kuomba radhi. Aliporudi alimpigia Anko Kinyanjui, rafiki yake mwenye shamba la kuku Isinya, na sote tukasikia. Anko anahitaji mbwa. Atamfunga mnyororo langoni. Atakuja na kanta, lori lake dogo, barabara ikikauka.

"Atakaa kwa mnyororo mchana na usiku?" nikauliza.

"Ndiyo kazi ya mbwa," Baba akasema.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Mwezi uliopita nilikuwa naichukia. Sasa nikiamka na kuisikia kwenye mabati nalala tena vizuri, kwa sababu kanta haiwezi kupita kwenye matope yetu. Lakini mvua hiyo hiyo inamweka kizimbani. Sijui niombe nini.

Jumatano, 14 Mei

Mama ameniruhusu kumtoa Simiti uani, geti likiwa limefungwa. Uani hakuna mahali pa kukimbia. Nilijaribu kitu. Nilificha vipande vya ugali mkavu chini ya matofali, ndani ya ndoo, nyuma ya tangi, kisha nikamfungua. Alitafuta polepole, pua chini, akikosa na kurudi. Alipokipata cha mwisho alijilaza, akanyoosha miguu yote minne upande, akalala usingizi mzito. Sijawahi kumwona akilala hivyo. Siku ile ya baiskeli alianguka kama gunia. Leo alilala.

Nadhani nilikosea mahali pa kupimia. Nilikuwa napima urefu wa barabara, si kazi ya pua.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua. Ugali tena. Mama amelalamika kwamba ugali unaisha haraka nyumba hii.

Mama ni mtu wa maneno machache pia. Nikiwa naosha vyombo aliniuliza, bila kunitazama, "Wewe umeenda kwa Koko?"

"Baba alienda."

"Sijauliza baba yako."

Jumamosi, 17 Mei

Nilikwenda.

Mchana kutwa nilipanga maneno. Niliyapanga kama insha, mwanzo, kiini, mwisho. Nilipofika bomani Koko alikuwa ameketi mlangoni, simu sikioni, akibishana na mtu kwa Kimaasai kwa sauti iliyofukuza kuku. Aliniona akainua kidole: ngoja. Nikangoja. Soila alitoka akasimama karibu nami, na nilishukuru kwamba alisimama karibu.

Koko alipomaliza nilisema, "Takwenya, Koko," nikainamisha kichwa.

"Iko," akaitikia kwa Kimaasai. Mkono wake ulikuwa mzito na ulinukia moshi. "Wewe ni msichana wa mbwa."

"Ndiyo, Koko. Nimekuja kuomba msamaha kwa sababu ya mbuzi. Kamba ilikuwa mkononi mwangu mimi." Hapo insha yangu yote ikapotea. "Na sitaki mbwa aende."

"Anaenda wapi?"

"Isinya."

"Isinya iko na nini?"

"Kuku."

Koko alimtazama Soila, kisha mimi. "Mbwa ya kukimbiza mbuzi munapelekea kuku?" Alicheka hadi akafuta macho kwa shuka yake. Soila naye akacheka. Mimi sikujua kama naruhusiwa.

Kisha akaacha kucheka. "Mbuzi yangu inakimbizwa tangu zamani. Fisi inakimbiza. Pikipiki inakimbiza. Inakimbia, inasimama, inakula. Hiyo siku ilikimbia ikaingia kwa shimo. Shimo ni ya nani?"

Nilijua jibu, lakini lilikuwa zito kulitoa. "Ya Baba."

"Atajenga lini?"

"Sijui, Koko."

"Mimi nilimwambia. Shimo ikiwa mpya, nilimwambia. Akasema ni ploti yake." Akamgeukia Soila, akasema maneno mengi. Soila akanitafsiria: "Anasema hana kesi na mbwa. Ako na kesi na shimo. Lakini pia anasema hiyo mbwa ujue kuishika, usiitoe ikiwa na wazimu."

"Haitakuwa na wazimu," nikasema. "Nimeanza kujua."

"Unajua nini?" Koko akauliza.

Nilisema, "Nitaitoa kila siku."

"Kila siku ni neno kubwa," Koko akasema, na simu yake ikaita tena.

Jumapili, 18 Mei

Baba hakuwahi kutuambia kwamba Koko alimwonya. Nililala na neno hilo na nikaamka nalo. Nilikuwa nikidhani Baba hakujua.

Nilisubiri tumalize kula chakula cha mchana. Mikono niliiweka chini ya meza.

"Baba, nilienda kwa Koko jana."

"Alikuita?"

"Nilienda mwenyewe. Amesema hana kesi na Simiti. Amesema kesi yake ni mtaro. Alisema alikuambia zamani."

Roy alikuwa na chapati mdomoni, akaacha kutafuna.

Baba hakukasirika kama nilivyotarajia. Aliiweka glasi yake chini taratibu. "Unajua kwa nini nilichimba ule mtaro?"

"Hapana."

"Hapa Kitengela ploti moja inauzwa kwa watu watatu. Rafiki yangu aliamka akapata mtu amejenga nyumba kwa ploti yake, na mtu huyo alikuwa na karatasi pia. Nyumba nzima, Mami. Na pazia." Alisema pazia kama vile ndilo lililomuumiza zaidi. "Sina pesa za kujenga. Lakini mtaro unaonekana. Mtu akiuona anajua ina mwenyewe. Nikiufukia leo, kesho utapata geti la mtu."

Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtu mkaidi. Niliona mtu mwenye hofu. Alimfungia Simiti kwa hofu, na mtaro aliuacha wazi kwa hofu hiyo hiyo. Hofu ninaifahamu. Lakini mbuzi wa Koko amepoteza watoto wawili, na Simiti atafungwa mnyororo Isinya.

"Si lazima uufukie," nikasema. "Zungushia waya. Waya pia unaonekana. Pengine unaonekana zaidi."

"Waya ni pesa."

"Lakini sisi si tunauza waya?" Roy akasema.

Mama alisimama haraka akaenda jikoni, na tulisikia anakohoa kwa muda. Baba alimtazama Roy, akanitazama mimi. "Nitaona," akasema, akatoka.

Jumatano, 21 Mei

Jua. Barabara inaanza kupasuka juu, chini bado laini. Baba hajasema lolote kuhusu waya wala kuhusu Simiti.

Alhamisi, 22 Mei

Jua. Bodaboda zinapita bila kusukumwa. Anko Kinyanjui amepiga simu: Jumamosi.

Ijumaa, 23 Mei

Baada ya shule nilimwomba Mama ruhusa ya kuchukua nguzo za zamani zilizolala nyuma ya tangi na waya wa seng'enge ulioingia kutu, ule ambao Baba aliurudisha kutoka dukani kwa sababu haununuliki. Mama alisema, "Mimi sijaona kitu." Nimeamua hiyo ni ruhusa.

Kwanza nilimpa Simiti kazi yake ya kutafuta ugali, kisha nikamfunga kwenye nguzo ya mlango wa nyuma, mahali ambapo angetuona. Soila alikuja na panga. Roy alikuja na nyundo na maneno mengi. Udongo ulikuwa mzuri kwa kuchimba, laini bila kuwa uji. Tulisimamisha nguzo kuuzunguka mtaro na kuanza kuvuta waya. Mbuzi wa Koko walipita tukiwa katikati ya kazi. Simiti alisimama. Alitetemeka kuanzia mabegani hadi mkiani, akatoa sauti ndogo, akakaa. Hakukaa kwa sababu nilimwambia. Nilikuwa mbali, mikono imejaa waya. Mbwa wa Koko alimsogelea, akamnusa kwa adabu, akaendelea na safari yake.

Nilisikia gari la Baba. Alikuja nyuma akiwa bado na funguo mkononi, akasimama akitazama. Akaishika nguzo ya kona na kuitikisa.

"Nani amesimamisha hii?"

"Mimi."

"Imelala."

"Ndiyo."

Alivua koti, akalining'iniza kwenye ukuta. "Lete lile jembe. Roy, shika waya, usiuachilie mpaka niseme." Alizing'oa nguzo karibu zote na kuzisimamisha upya, akazishindilia kwa mawe. Hakuniambia neno lingine ila shika hapa, vuta, legeza kidogo. Giza lilipoanza alimwambia Soila, "Mwambie nyanya yako hii ni ya muda tu. Nitajenga."

"Nitamwambia," Soila akasema.

Kuhusu kesho hakusema kitu, nami sikuthubutu kuuliza.

Jumamosi, 24 Mei

Kanta ilifika tukinywa chai. Nilikuwa wa kwanza getini. Anko Kinyanjui alishuka na mnyororo mpya begani, unang'aa, bado una kibandiko cha bei.

"Nyawira. Mbwa yangu iko tayari?"

Simiti alikuwa uani. Alikuja akasimama mbele yangu, akabweka kwa sauti ya kifua, bila kuruka na bila kuacha. Anko alirudi nyuma hadi mlango wa kanta.

"Huyu ni mkali vizuri," akasema. "Baba yako aliniambia ameharibika kwa kuzoea watu."

Baba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Alimtazama Simiti kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kinyanjui, utanisamehe. Nimekusumbua bure."

"Bure namna gani? Nimetoka Isinya na matope yote haya."

"Najua. Ingia kwanza upate chai."

"Chai haitalinda kuku zangu, Kahiga."

"Haitalinda. Ingia."

Anko aliingia, akilalamika, akanywa vikombe viwili, akaondoka na mnyororo wake na trei ya maandazi aliyopewa na Mama. Alipokuwa akiwasha gari Baba aliniita kando ya kizimba.

"Sikia, Mami. Mchana akitoka, anatoka na kamba. Na siku utakayoshindwa, unaniambia mimi. Hunifichi tena."

"Sawa, Baba."

"Na usiku bado ni wa kazi."

"Sawa."

Aligusa ubao uliotafunwa wa mlango wa kizimba, akasema ataleta ubao mwingine, akaenda dukani.

Kanta ilipopotea nilifanya hivi. Nilivaa gambuti. Nilimfunga Simiti kamba nikiwa nimepiga magoti, nikasubiri mpaka aache kuruka, ndipo nikafungua mlango wa nyuma. Tulipita kando ya waya mpya. Alinusa kila nguzo na nilimwacha anuse. Mbele tulikutana na mbuzi wakienda kula, nikafupisha kamba, tukasimama hadi yule mweusi, aliyekuwa wa mwisho, akapita. Niliendelea kuelekea lami, kwa sababu kulikuwa na jua na nilitamani kufika mbali. Katikati ya ploti Simiti alipunguza mwendo, akakojolea jiwe, akageuza kichwa upande wa nyumbani. Sikumvuta. Niligeuka naye, tukarudi. Alikunywa maji, akalala. Niliufunga mlango wa nyuma, nikaacha wa kizimba wazi, nikaenda kuosha gambuti za Mama.